Mississippi John Hurt na nyimbo zilizobaki Avalon: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwezi Machi 1963 kijana mmoja mzungu kutoka Washington, jina lake Tom Hoskins, aliingia kwa gari katika kijiji cha Avalon, Carroll County, jimbo la Mississippi, akasimama dukani na kuuliza kama kuna mtu aliyewahi kusikia habari za mwimbaji aitwaye John Hurt. Hakuhitaji kuuliza mara mbili. Wenyeji walimwonyesha njia, na muda si mrefu alikuwa mbele ya mzee mfupi mwenye umri wa miaka sabini hivi, mkulima na mchunga ng'ombe, ambaye wapenzi wa santuri za zamani walikwisha kumhesabu kuwa marehemu. Mara ya mwisho kwa mzee huyo kuingia studio ilikuwa Desemba 1928.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa wakusanyaji wa santuri: vijana wa mjini wanasafiri hadi shamba la mbali na kumfufua msanii aliyezikwa na wakati. Naona masimulizi hayo yanawapa sifa wasiostahili zote. Hurt hakupotea hata siku moja. Alikuwa kwake, jirani wakimjua kwa jina, kwa sauti na kwa gitaa. Kilichokatika kilikuwa uhusiano wake na kampuni za santuri. Ndiyo maana inafaa tuangalie kwa makini nini kilimwingiza sokoni, nini kilimtoa, muziki wake uliishije katika miaka yote hiyo, na aliporudishwa jukwaani nani alishika mkataba. Hoja yangu ni kwamba kukaa kwake kijijini, jambo ambalo wengi hulitaja kwa masikitiko, ndiko kulikoufanya muziki wake ufike 1963 ukiwa mzima.

John Smith Hurt alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 katika eneo la Teoc na kukulia Avalon, pale ambapo ardhi tambarare ya Delta, yenye mashamba makubwa ya pamba, inakutana na vilima. Aliacha shule baada ya darasa la nne. Gitaa alijifunza mwenyewe akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, kwa kumsikiliza mgeni aliyekuwa akilala kwao na kulichukua gitaa lake kwa siri mwenye nalo anapolala. Baadaye mama yake akamnunulia la kwake kwa dola moja na nusu. Hakuwa na mwalimu wala kundi la wapigaji wa rika lake wa kushindana nao, na nadhani jambo hilo lilimfaa sana, kwa sababu namna yake ya kupiga haifanani na ya mtu mwingine yeyote wa Mississippi aliyerekodiwa zama hizo.

Alifanya kazi ya shamba kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na kwa miezi kadhaa alifanya kazi ya reli, ambako alijifunza wimbo wa wapigilia misumari ya mataruma kutoka kwa mfanyakazi mwenzake. Jioni na siku za Jumamosi alipiga kwenye ngoma za majumbani, kwa watu weusi na kwa wazungu pia. Wakati mwingine alimsindikiza mpiga fidla mzungu wa huko huko Carroll County, Willie Narmour, pale mwenzake wa kawaida, Shell Smith, alipokosekana. Sheria za ubaguzi zilitenganisha shule, makanisa na vyombo vya usafiri, lakini katika dansi ya kijijini fidla ya mzungu na gitaa la mtu mweusi viliweza kupiga wimbo mmoja. Uhusiano huo ndio uliomfungulia Hurt mlango wa studio. Narmour aliposhinda shindano la fidla na kupata nafasi ya kurekodi na kampuni ya Okeh, alimtajia mtayarishaji Tommy Rockwell jina la jirani yake.

Tarehe 14 Februari 1928 Hurt alirekodi nyimbo nane mjini Memphis. Alivyokumbuka mwenyewe baadaye, ukumbi ulikuwa mkubwa na mlikuwa na watu watatu tu, yeye, Rockwell na fundi. Walimketisha kitini, wakamsogezea maikrofoni mpaka mdomoni, wakamwambia asitikise kichwa kabisa, na shingo ikamuuma kwa siku kadhaa. Kati ya nyimbo hizo nane ni mbili tu zilizotolewa, pande mbili za santuri moja. Santuri hiyo iliuzika kiasi cha kuridhisha, na mwezi Novemba kampuni ikamwandikia barua ya kumwita New York: dola 20 kwa kila wimbo utakaokubaliwa, pamoja na gharama za safari ya kwenda na kurudi. Kwa mkulima wa mavuno ya kugawana hizo zilikuwa fedha za maana. Lakini yalikuwa malipo ya mara moja, na huu ni ukweli wa kwanza wa kukumbuka tunapofika kwenye habari za mikataba.

Katika safari ya New York alirekodi siku mbili, tarehe 21 na 28 Desemba 1928. Huko alikutana na Lonnie Johnson, ambaye wakati huo alikuwa mmoja wa wapigaji gitaa maarufu kabisa wa Okeh. Ni katika juma hilo la baridi, ugenini, alipoimba "Avalon Blues", wimbo ambao ndani yake anasema kwamba Avalon ndio mji wake na uko moyoni mwake daima, na kwamba New York ni mji mzuri lakini si wa kwake. Hakuna fumbo lolote pale. Ni mtu aliyechoka na ugenini akisema anakotoka, na bila kukusudia akaiacha anwani yake ndani ya santuri.

Jumla ya santuri zilizotolewa ni sita, yaani nyimbo kumi na mbili, na wimbo mmoja zaidi uliokuwa umebaki bila kutolewa ulikuja kusikika baadaye. Neno "Mississippi" mbele ya jina lake liliwekwa na kampuni ili kuvutia wanunuzi. Kisha kila kitu kikasimama.

Sababu kuu ni anguko la uchumi lililoanza Oktoba 1929. Mauzo ya santuri nchini Marekani, ambayo kwa takwimu zinazotajwa mara nyingi yalikuwa takriban milioni 100 mwaka 1927, yalishuka hadi milioni 6 mwaka 1932, na wanunuzi wa kwanza kuishiwa fedha walikuwa wale wale maskini wa kusini ambao santuri za namna hii zilitengenezwa kwa ajili yao. Lakini anguko la uchumi haliwezi kuwa jibu lote, kwa kuwa wapo waliorudi studio baada ya mwaka 1934 hali ilipopata nafuu kidogo, na Hurt hakuitwa. Hapa naona ugumu wa pili. Kampuni zilikuwa zimeugawa muziki wa kusini katika orodha mbili: moja ya santuri za watu weusi, nyingine ya nyimbo za zamani za wazungu wa vijijini. Hurt aliimba bluzi (blues, muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani), nyimbo za kisa, nyimbo za dini na midundo ya dansi iliyokuwapo kabla bluzi hazijapata jina, na jirani yake aliyempeleka kwa Rockwell alikuwa katika orodha ya pili. Wanunuzi wa bluzi kutoka Mississippi walikuwa wakizoea sauti nzito na za kukwaruza kama ya Charley Patton. Mtu aliyeimba kwa upole, kama anayezungumza na aliyekaa naye barazani, hakuwa rahisi kuwekwa kwenye tangazo.

Na muziki wenyewe ukoje? Hapa inatubidi tukae kidogo, kwa sababu bila kuuelewa mkono wake hatuwezi kuelewa kwa nini miaka mingi ya ukimya haikumdhuru. Hurt alipiga kwa vidole vitatu. Kidole gumba kilitembea juu ya nyuzi za besi kwa zamu, moja, nyingine, moja, nyingine, bila kuyumba, kikifanya kazi ambayo katika dansi ingefanywa na ngoma. Kidole cha shahada na cha kati vilichukua sauti ya wimbo kwenye nyuzi nyembamba, lakini si pigo kwa pigo na gumba. Vilitangulia kidogo au kuchelewa kidogo, na katika nafasi hiyo ndogo ndimo uchangamfu wake wote unamokaa. Mara nyingi sauti ya gitaa inaimba pamoja naye, na mara nyingine yeye huliachia sentensi katikati, gitaa likaimaliza. Wapo wanaousikia utulivu huo na kudhani ni wepesi. Aliyewahi kujaribu kuitenganisha kazi ya gumba na ya vidole anajua kwamba gumba halitakiwi kufikiri kabisa, na kwamba kufika hapo ni kazi ya miaka.

Msomaji wa Kiswahili aliyezoea gitaa kavu hatapata shida kuufurahia ufundi huu. Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga "Masanga" huko Katanga, Kongo, alilijaza gitaa moja kwa gumba na kidole cha shahada, besi ikienda yake na sauti za juu zikienda zake. Sisemi kwamba mmoja alimsikia mwenzake. Nasema kwamba wote wawili walilifanya gitaa moja litoshe pale ambapo hapakuwa na bendi, na si ajabu kwamba jukwaa la tamasha la muziki la Newport, Marekani, lililompokea Hurt mwaka 1963 ndilo lililompokea Mwenda mwaka 1969.

Maneno ya nyimbo zake nayo yana hesabu yake. "Frankie" na "Stack O' Lee" zinahusishwa na mauaji halisi yaliyotokea St. Louis katika miaka ya 1890: Frankie Baker aliyempiga risasi mpenzi wake Allen Britt mwaka 1899, na Lee Shelton aliyemuua Billy Lyons usiku wa Krismasi ya 1895. Waimbaji wengi walimpamba Stack, yaani huyo Shelton, kuwa jabali la kuogopwa. Hurt anamwita mtu mbaya, tena mkatili, na anauliza polisi wanafanya nini. "Louis Collins" aliutunga mwenyewe baada ya kusikia watu wakizungumzia mauaji ya mtu wa jina hilo, na hatua aliyochukua ni ya mtunzi hodari: wimbo hauanzi na bastola, unaanza na mama yake Louis akilia. Kisha habari za risasi na za mazishi zinapita kwa sauti ile ile ya upole, gitaa likicheza katika ufunguo wa furaha, na kwa kila ubeti malaika wanamlaza Louis. Nimeusikiliza wimbo huu mara nyingi mno, na bado siwezi kueleza vizuri jinsi gitaa jepesi kiasi hicho linavyoweza kubeba msiba bila kuudharau.

"Spike Driver Blues" una uzito wa namna nyingine. Katika nyimbo nyingi za John Henry, mponda miamba aliyeshindana na mashine na kufa nyundo ikiwa mkononi, shujaa husifiwa kwa kufa kazini. Katika wimbo wa Hurt msimuliaji anairudisha nyundo kwa msimamizi, anasema kwamba ilimuua John Henry lakini haitamuua yeye, anaondoka zake. Mtu aliyefanya kazi ya reli na ya pamba chini ya wasimamizi wa Mississippi hakuwa akiimba maneno hayo kwa ajili ya urembo.

Basi kati ya 1929 na 1963 alilima, alichunga, alilea watoto na wajukuu, aliimba kanisani na katika mikusanyiko ya jirani. Hakuhamia Chicago kama walivyofanya maelfu ya watu weusi wa Mississippi, na kwa hiyo hakulazimika kulibadilisha gitaa lake kuwa la umeme ili lisikike juu ya kelele za baa. Linganisha na Son House, mwimbaji mwingine wa bluzi wa Mississippi, aliyetafutwa na kupatikana Rochester, New York, mwaka 1964: yeye alikuwa ameondoka kusini, akaacha kupiga kabisa, na ilibidi kijana Alan Wilson amsaidie kujifunza upya nyimbo zake mwenyewe. Hurt hakuwa na gitaa siku Hoskins alipofika, lakini alipopewa la kuazima vidole vilikuwa bado vinajua njia. Kwangu huu ndio ushahidi mkubwa kuliko wote katika kisa hiki. Ukimya wa studio haukuwa ukimya wa Hurt.

Kupatikana kwake kulianzia kwenye mkusanyiko wa santuri za zamani ambao mkusanyaji Harry Smith aliutoa kupitia kampuni ya Folkways mwaka 1952, ukiwa na nyimbo mbili za Hurt. Smith hakuonyesha nani mweusi na nani mzungu, na kwa mara ya kwanza Hurt akawekwa mahali panapomfaa, kati ya waimbaji wa kusini wa rangi zote. Kizazi cha vijana kiliusikiliza mkusanyiko huo kama msahafu. Baadaye mkusanyaji Dick Spottswood wa Washington alipata kanda yenye "Avalon Blues", na yeye na Hoskins wakaanza kutafuta Avalon. Ramani za kawaida za wakati huo hazikuitaja; waliipata katika atlasi ya karne ya 19, kati ya Greenwood na Grenada. Mwaka 1963 huo huo vijana wengine wapenzi wa santuri, John Fahey na ED Denson, walimpata mwimbaji Bukka White kwa njia ya karibu sana na hiyo: White aliwahi kuimba kuhusu Aberdeen, Mississippi, nao wakatuma barua Aberdeen ikiwa imeandikiwa mwimbaji mzee wa bluzi, na barua ikamfuata mpaka Memphis alikokuwa akiishi. Kampuni hazikuwa zimehifadhi anwani za wasanii wao. Wasanii wenyewe walikuwa wameziimba.

Hurt alipomwona Hoskins alidhani ni mtu wa FBI, polisi wa upelelezi wa serikali kuu, akashangaa amefanya kosa gani. Watu husimulia hili kwa kucheka, nami sioni cha kuchekesha. Machi 1963 mji jirani wa Greenwood ulikuwa katikati ya mapambano ya kuwaandikisha watu weusi kupiga kura. Majira yale ya baridi viongozi wa Leflore County, ambamo Greenwood imo, walikuwa wamekata msaada wa chakula ambao familia maskini ziliutegemea, na wanaharakati walikuwa wakipigwa na kukamatwa. Mzungu asiyejulikana anayeuliza jina la mzee mweusi mlangoni kwake alikuwa sababu tosha ya hofu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Hurt alihamia Washington pamoja na mkewe Jessie. Julai mwaka huo aliimba Newport mbele ya maelfu, na mwezi huo huo akarekodi nyimbo nyingi katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Aliimba vyuoni, katika mikahawa ya kahawa, hata katika kipindi cha televisheni cha Johnny Carson. Bendi ya The Lovin' Spoonful ilichukua jina lake kutoka katika maneno ya wimbo wake "Coffee Blues". Kampuni ya Vanguard ilitoa albamu yake "Today!" mwaka 1966, ambayo mwaka 2009 iliingizwa katika orodha ya taifa ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa.

Upande wa pili wa jambo hili hautajwi mara nyingi kama unavyostahili. Hoskins, Spottswood na Denson waliunda kampuni iitwayo Music Research, na Hurt akatia saini mkataba ulioipa kampuni hiyo haki ya pekee juu ya kazi zake. Sina sababu ya kusema kwamba vijana hao hawakumpenda. Bila wao tusingekuwa na rekodi za miaka ya 1960, na Hurt alipata kipato ambacho Avalon isingempa. Lakini mtu aliyeacha shule darasa la nne, aliyezoea tangu utoto kwamba hesabu za mavuno huandikwa na mwenye shamba, hakuwa katika nafasi ya kujadiliana. Mwaka 1928 walimlipa kwa wimbo mmoja mmoja na kuondoka na haki zote. Mwaka 1963 walioshika karatasi walikuwa watu waliomheshimu sana, na bado karatasi ilikuwa mikononi mwao. Heshima ya dhati haikutosha kubadili muundo wa mkataba, na hilo ndilo ninalotaka wapenzi wa muziki walitazame bila kuficha macho.

Hurt alirudi Mississippi na kufariki Grenada tarehe 2 Novemba 1966, kwa ugonjwa wa moyo. Alizikwa Avalon. Mgogoro kati ya Music Research na Vanguard kuhusu rekodi zake uliendelea mahakamani hadi miaka ya 1970, kampuni kwa kampuni, mwenyewe akiwa amekwisha kaburini. Nyumba yake ndogo ya mbao, ambayo mjukuu wake aliigeuza kuwa makumbusho, iliteketea kwa moto Februari 2024.

Kwa anayetaka kujipimia hoja hii, njia ni rahisi. Asikilize "Louis Collins", "Candy Man" na "Spike Driver Blues" za 1928, kisha nyimbo hizo hizo tatu katika "Today!". Sauti imezeeka na imeshuka kidogo, pumzi imekuwa fupi, maneno hapa na pale yamebadilika. Asikilize zaidi kidole gumba.